Mawe mawili ya kijani, kipimo kimoja, uzito tofauti: nimeuziwa nini?

Shangazi_Fedha aliandika:

Habari za jioni wanajukwaa. Mimi ni fundi wa mapambo ya fedha hapa Moshi, kazi ndogo ndogo za nyumbani: pete, hereni, vidani. Mawe situmii sana, na nikitumia ni yale ya bei ya chini, rodolaiti (ganeti ya rangi ya zambarau-nyekundu) na amethisti. Mwezi uliopita mteja wangu, binti anayeolewa Desemba, akaagiza hereni zenye jiwe la kijani. Zumaridi hataki, anataka "ile ya kwetu". Nikaelewa anasema tsavoraiti, ambayo mabroka wengi wanaiita grini ganeti.

Nikapanda basi mpaka Arusha. Broka niliyeelekezwa na jirani akanifungulia karatasi juu ya meza ya mgahawa, kati ya vikombe vya chai, akatoa mawe mawili yaliyokwisha kukatwa, ovali. "Mama, haya ni mapacha." Kweli, kwa mwanga wa dirishani nilishindwa kuyatofautisha. Nikalipa, bei ile ile kwa kila karati.

Shida imeanza nilipofika nyumbani. Nimeyapima kwa kalipa ili nitengeneze vikombe vya kuyakalisha. Yote mawili: urefu mm 8, upana mm 6, kina mm 4. Sawasawa. Lakini karatasi yake imeandikwa karati 1.42 na 1.20. Nikadhani alikosea, nikayapeleka kwa sonara mwenye mizani ya karati, naye akapata hivyo hivyo. Sasa najiuliza: hilo jepesi lina uwazi ndani? Au hilo zito limejazwa kitu?

Jambo la pili. Usiku, chini ya balbu ya jikoni, hilo jepesi linaingia giza kwenye ncha zake mbili, kama jicho lililotiwa wanja. Lile zito ni kijani mwanzo mwisho na linamemeta. Tena jepesi nikiligeuza upande mmoja naona kijani cha jani changa la mgomba, upande mwingine kijani kilichoiva sana, karibu na cheusi.

Je, nimepigwa? Na kama ni mawe mawili tofauti, yanatofautiana vipi hasa? Naomba majibu ya mtu anayejua, siyo ya kunichekesha.

chuma_ulete alijibu:

Umepigwa dada. Hilo jepesi ni chupa ya soda.

mzee_wa_lupu alijibu:

Mama, pole na safari. Chupa si chupa, nitakwambia kwa nini. Jibu la swali lako umeshaliandika mwenyewe kwenye aya ya tatu, ila umelipita.

Mimi nimekata mawe Arusha tangu mashine zetu ni za kuzungusha kwa mkono. Macho sasa yamechoka, lakini hesabu bado naijua. Mawe yako yana ujazo mmoja na uzito tofauti. Maana yake hayakuumbwa kwa vitu vile vile, basi. Jiwe lenye uwazi wa kupunguza karati 0.22 ungeliona kwa macho matupu, lingekuwa kama yai lililonyonywa.

Chukua 1.42, gawanya kwa 1.20. Unapata 1.18. Sasa sikiliza: tsavoraiti ina uzito wa mara 3.61 hivi wa maji ya ujazo ule ule. Tomalini ya kijani, jiwe jingine la vito, ile wanayoiita tomalini ya kromu, ni mara 3.06 hivi. Gawanya 3.61 kwa 3.06. Unapata 1.18. Kijana chuma_ulete, chupa ni mara 2.5 tu, ovali ya kipimo hicho ikikatwa kwenye chupa isingefika hata karati moja. Na zumaridi, mama, ingekuwa karati 1.07 hivi. Kwa hiyo kwa hesabu tupu, lile zito ni tsavoraiti na jepesi ni tomalini.

Lakini usimfuate broka kwa hesabu hiyo peke yake. Sisi wakataji tuna tabia yetu: tukitaka kuokoa uzito tunaliachia jiwe kitambi chini. Mawe mawili yenye 8 kwa 6 kwa 4 yanaweza kupishana kwa sababu moja ni nene tumboni na jingine limebanwa. Mara chache itafika tofauti kubwa kama yako, ila inawezekana. Kwa hiyo hakikisha kwa njia nyingine, nazo haziharibu jiwe.

Ya kwanza ni lupu, kile kioo kidogo cha kukuzia, ya mara 10. Litazame jiwe kupitia uso wake mpana wa juu, macho yako yatue kwenye kingo za nyuso za nyuma, kule chini. Kwenye ganeti kila ukingo ni mstari mmoja. Kwenye tomalini utaona mistari miwili imelala sambamba, kama reli. Hiyo ni kwa sababu tomalini inaupasua mwanga njia mbili na ganeti haiupasui. Geuza geuza jiwe, maana tomalini ina mwelekeo mmoja ambao ukitazama humo reli zinaungana na kuwa moja. Nimeona mwanafunzi akilitazama tomalini kwa mwelekeo huo huo dakika tano halafu akaandika "ganeti" kwenye daftari.

Ya pili haihitaji hata lupu. Tafuta laptopu na miwani ya jua ya polaroidi, ile inayochuja mwanga wa kuakisi. Fungua ukurasa mweupe, vaa miwani, zungusha kichwa au miwani mpaka skrini iwe nyeusi. Hapo hapo weka jiwe kati ya skrini na miwani, ulizungushe taratibu kama unafungua kifuniko. Tomalini itawaka na kuzima, kuwaka na kuzima, mara nne kwa mzunguko mmoja. Ganeti itabaki gizani. Chupa nayo itabaki gizani, ndiyo maana mizani inakuja kwanza.

Kuhusu ule wanja. Hilo ndilo lililonifanya niandike kirefu, kwa sababu ni kosa nililowahi kulifanya mwenyewe, na limenigharimu.

Tomalini inaota kama mkaa wa penseli: ndefu, ina michirizi ya kwenda chini, na ukiikata katikati ina pembe tatu zilizovimba. Ukiitazama kwa ubavu inapitisha mwanga vizuri, kijani safi. Ukiitazama kwa urefu wake, kutoka kichwani kwenda miguuni, inakunywa mwanga. Nyingine kwa huko ni nyeusi kabisa. Mwaka wangu wa pili kazini nililetewa kipande cha Landanai, kule Simanjiro, karati 11, kifupi na kinene. Nikaona nikikata uso mpana ukitazama kwa urefu wa jiwe nitapata duara kubwa. Nikapata, karati 3.9, mkato safi, mng'aro wa kujitazama uso. Na jiwe lilikuwa jeusi kama mbegu ya tikiti. Mwenye jiwe alilishika, akaliinua kwenye jua, akalirudisha mezani taratibu bila neno. Afadhali angetukana.

Kwa hiyo uso mpana wa tomalini tunauweka ubavuni. Lakini hata hivyo zile ncha mbili za ovali zinabaki zikitazama kule kwenye giza, na fundi asipozikata zikiwa zimesimama wima, zinaleta wanja uliouona. Kijani chako cha mgomba ni mwanga wa njia moja, na kile kilichoiva ni mwanga wa njia ya pili. Jiwe moja, rangi mbili. Ganeti haina mambo hayo. Ni kijani kile kile popote ulipo, ndiyo maana kuikata ni raha: unafuata umbo la kipande tu, hubanwi na mwelekeo.

Na ule umemetaji. Ganeti inapinda mwanga zaidi, 1.74, wakati tomalini ni kati ya 1.62 na 1.64. Vilevile inauchambua mwanga kuwa rangi rangi zaidi, 0.028 kwa 0.017. Namba hizi si kitu mpaka uyaweke mawe sikioni mwa mtu anayecheza muziki. Moja litarusha cheche, jingine litang'aa kama maji ya kisima. Ukiyaweka kama jozi, mteja hatajua kwa nini, lakini atahisi hereni moja inalala.

Umepigwa? Nusu. Tomalini ya kromu si jiwe bandia, na ikiwa nzuri ni nzuri kwelikweli. Ila kwa karati inauzwa chini ya tsavoraiti, na wewe umelipa bei moja.

mwanafunzi_vito alijibu:

Shikamoo mzee. Naongezea kidogo. Darasani kwetu tuna kichujio cha Chelsea, kile kioo kidogo cha kijani kibichi. Tomalini ya kromu ukiiangalia kupitia hicho chini ya balbu kali inakuwa nyekundu kama punje ya komamanga. Dada akikipata, ni sekunde mbili tu amemaliza.

Na naomba kuuliza, ulipewa risiti? Kuna soko la madini Arusha, mabroka wenye leseni wapo na mizani ipo.

mzee_wa_lupu alijibu:

Marahaba mwanangu. Kichujio ni kizuri lakini usikipe kesi kikahukumu. Zumaridi nyingi zinakuwa nyekundu humo. Hata tsavoraiti baadhi zinageuka na kuwa na wekundu. Kinachoona ni kromu au vanadi, vile vitu vinavyolitia jiwe rangi, hakioni jina la jiwe.

Kitu kingine, wengi hawajui: hiyo tomalini "ya kromu" mara nyingi rangi yake inatoka kwenye vanadi zaidi kuliko kromu. Na tsavoraiti nayo vivyo hivyo, vanadi. Na ile buluu ya tanzanaiti, vanadi tena. Udongo ni mmoja, miamba ile ile yenye grafiti inayochafua mikono ya wana apolo, wachimbaji wa kule Mererani, na mtia rangi ni mmoja. Ndiyo maana broka wa mezani, kwa mwanga wa dirishani, anaweza kuchanganya mawe haya bila hata nia mbaya. Sisemi wa kwako hakuwa nayo.

Mwana_Mwatate alijibu:

Wadau, salamu kutoka Taita. Nimesoma nikacheka peke yangu. Mteja amesema "ile ya kwetu", halafu inaitwa tsavoraiti. Tsavo iko wapi? Iko huku kwetu, Kenya.

Lakini nitasema ukweli. Campbell Bridges, yule mwanajiolojia, aliliona kwanza upande wenu, Simanjiro, mwaka 1967. Miaka michache baadaye akalipata tena huku, karibu na mbuga. Mwaka 1974 kampuni ya vito ya Tiffany ya New York ikalitangaza kwa jina la Tsavo. Kwa hiyo jiwe mlianza nyinyi, jina tukachukua sisi. Tusigombane.

Mimi nachimba. Swali la dada ni la mawe yaliyokatwa, lakini kama siku moja atanunua ghafi, hapo tofauti ni ya mchana na usiku. Sisi ganeti ya kijani tunaipata ndani ya viazi. Ndiyo, tunaviita viazi: mabonge ya mviringo ndani ya mwamba, nje yamechakaa, hayana sura. Ukikipasua kiazi, mara nyingi ndani kimejaa nyufa, vipande vinamwagika kama glasi iliyoanguka. Unaweza kupasua kiazi cha ukubwa wa ngumi ukatoka na kipande safi cha ukubwa wa punje ya mahindi, au usitoke na kitu. Ndiyo maana tsavoraiti safi ya kuzidi karati mbili au tatu si kitu cha kuokota.

Tomalini inakuja na mwili wake, kijiti chenye mistari. Shika ubavu wake upitishe ukucha, utausikia ukikwaruza kama mgongo wa kitana. Ganeti haina hiyo mistari hata kidogo. Kwa hivyo kwenye ghafi mimi sihitaji skrini wala miwani, ni kidole tu. Shida ni zile zilizosagwa na mto au zilizovunjika, hapo ndipo hata mimi huwa nadanganyika.

Shangazi_Fedha aliandika:

Shikamooni wazee wangu, na asanteni. Nimefanya majaribio yote juzi na jana, naleta majibu.

Lupu: lile zito, mstari mmoja kila mahali. Jepesi, mwanzoni sikuona kitu, nikakumbuka mzee alisema geuza. Nikaliinamisha kidogo, reli zikatokea! Zimejitokeza wazi hasa kwenye zile kingo zinazokutana chini kabisa. Nilimwita mwanangu wa darasa la sita aje aone, akasema "mama, jiwe limechoka, linaona mawili."

Miwani: hapa ndipo nilipopata kazi. Miwani ya kwanza niliazima kwa shemeji anayeendesha bodaboda. Imeandikwa ubavuni kwa herufi za dhahabu kwamba ni polaroidi. Nikaizungusha mbele ya skrini mpaka mkono ukachoka, skrini nyeupe pe, wala haikufifia. Shemeji amekasirika, alinunua kwa bei ya miwani ya kweli. Jirani akaniletea nyingine, hiyo mara moja skrini ikawa nyeusi kama imezimwa. Nikashika mawe kwa kibanio cha nyusi. Jepesi: linawaka, linazima, nimehesabu, mara nne. Inapendeza sana kuangalia, nimerudia mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Lakini lile zito limenitia wasiwasi kidogo. Limebaki giza, ila siyo giza lililotulia. Nikilizungusha kuna kivuli kama moshi kinatembea ndani, kinapita na kupotea. Haliwaki kama lile jingine. Je, nalo si ganeti?

Na swali la fundi: kama nitayatumia, je, moto? Mimi huwa nalehemu makucha jiwe likiwa limekaa, kwenye rodolaiti nimefanya mara nyingi.

Risiti sikupewa. Msinicheke.

mzee_wa_lupu alijibu:

Hatucheki mama, wengi tulianza hivyo.

Huo moshi usikutishe. Ganeti zinapoota chini ya ardhi zinabanwa, na ule mbano unabaki ndani ya jiwe kama mkunjo wa nguo iliyolaliwa. Kwenye skrini yako unaonekana kama moshi unaotembea. Kinachotofautisha ni mpangilio: tomalini inawaka jiwe zima, inazima jiwe zima, mara nne bila kukosea, kama saa. Moshi wa ganeti hauna hesabu. Na kwa kuwa lupu imekuonyesha mstari mmoja, na mizani imesema inavyosema, lile ni tsavoraiti. Ukitaka karatasi yenye muhuri, Kituo cha Jemolojia hapa Arusha wana vifaa.

Kuhusu moto, nakusihi usifanye. Kama rodolaiti zako zilinusurika, ni bahati yako na mkono wako mwepesi. Ganeti na tomalini zote haziogopi joto lenyewe sana, zinaogopa joto la ghafla. Tomalini ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu ndani mara nyingi ina vijitundu vya maji na nyuzi nyembamba tangu kuumbwa kwake. Nilimkatia rafiki yangu sonara tomalini moja ya pete ya mke wake. Alirekebisha kucha moja tu, moto wa pumzi mbili. Tulisikia "tik". Sauti ndogo, kama kucha kwenye glasi. Tukatazamana. Lehemu kila kitu kwanza, safisha kwa asidi, ng'arisha, halafu jiwe liingie mwisho, fedha ikiwa baridi.

Kwa ugumu usiwe na wasiwasi, yote mawili ni kati ya 7 na 7.5, yatatosha kabisa kwa hereni. Kuosha ni maji ya vuguvugu, sabuni na mswaki laini. Mashine ya mtetemo achana nayo.

Na kitu kimoja cha kukuchekesha. Tomalini ikipata joto inapata umeme kidogo kwenye ncha zake, inavuta vumbi. Waholanzi walipoanza kuyapata mawe haya kutoka Sri Lanka miaka ya mwanzo ya 1700 waliliita mvuta majivu, wakavutia majivu kwenye viko vyao. Ukiweka kidani cha tomalini kwenye kabati la kioo lenye taa kali, kila Jumatatu utakifuta, na jirani yake wa ganeti atakuwa safi. Mimi hiyo ilinishangaza miaka mingi kabla sijaambiwa sababu, nilidhani msichana wa duka ni mvivu.

Mwana_Mwatate alijibu:

Dada, sasa usiyatie kwa jozi. Rudi kwa huyo broka akubadilishie hilo la tomalini akupe ganeti ya pili. Mwoneshe kwenye skrini, hataleta ubishi.

Shangazi_Fedha aliandika:

Broka simu yake haipatikani tangu Jumapili, hivyo hilo tuliache.

Lakini naleta habari mpya. Leo mchana yule binti alipita kuangalia kazi. Sikumwambia kitu. Nikatandika kitambaa cheupe kwenye kiti nje, chini ya kivuli cha mparachichi, nikaweka mawe yote mawili. Nikamwambia chagua linalokupendeza. Nilikuwa na uhakika atachukua lile linalomemeta. Akalichukua, akaligeuza, akaliweka chini. Akachukua tomalini, akaishika karibu na shavu, akaniomba kioo. Akasema hili limetulia, lile linapiga kelele. Nikamweleza yote: kwamba ni mawe mawili tofauti, kwamba hilo alilolishika ni la bei ya chini, kwamba hilo sio lile la Tsavo. Akauliza, linatoka wapi? Nikamwambia mzee mmoja ananiambia mawe kama haya hutoka Landanai, Simanjiro. Akasema basi hilo ni la kwetu zaidi.

Tsavoraiti ameniambia niiweke kwenye pete ya mama yake.

Sasa natafuta mwenzake wa tomalini. Ovali, 8 kwa 6, kina 4, rangi ile ile ya mgomba, na ncha zisiwe na wanja. Mwenye nayo aseme, ila safari hii nakuja na laptopu na miwani ya jirani.

mzee_wa_lupu alijibu:

Ninayo moja, niliikata mwaka jana ikakosa mwenyewe. 7.9 kwa 6, kina 3.95. Ncha nimezisimamisha. Uzito 1.17. Piga hesabu yako kwanza kabla hujapanda basi.